Kikapu cha Hisa cha Kogo Tabutany

Chebet alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa napepeta mchele. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Shangazi, Mama ametuacha." Kisha akaniomba niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa siku ya mazishi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karani maisha yangu yote. Nilikubali. Ningekataaje? Nilibaki nimekaa na ungo mapajani, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa uso wa Chelangat, mama yake, niliyemjua tangu tukiwa wasichana. Ilikuwa harufu ya mbolea. Harufu ile kali ya magunia yaliyopangwa hadi darini, inayoingia kwenye nywele na kwenye mkate, nikajua kwamba nimerudishwa Litein, dukani kwa Njoroge, mwaka wa 1997, na kwamba safari hii sitatoka huko kwa urahisi.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nina cheti cha kupiga taipu na kiburi kinachokwenda na cheti hicho. Njoroge aliuza mbolea, misumari na seng'enge, akanipa kona moja ya duka niweke mashine yangu, watu waje niwaandikie barua. Nyuma ya duka nilikuwa na chumba cha mbao, na ukuta wake mmoja ndio uliokuwa ukuta wa jikoni la mke wake, Mama Wairimu. Hivyo nilisikia kila kitu: sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikitokota tangu asubuhi, redio, na mazungumzo ya mume na mke ambayo hayakunihusu. Mchana aliniita, "Cheptoo, kuja ukule kabla wateja wamalize siku yako," nami nilikula githeri na parachichi nikiwa nimekalia gunia. Juu ya kaunta, kwenye msumari, palining'inia kufuli kubwa jeusi lisilofunga chochote. Lilikuwa ndilo kitu pekee ambacho Njoroge aliokota kutoka duka lake la kwanza, lililochomwa miaka mitano nyuma katika fujo za kikabila ambazo sitazisimulia hapa. Wateja walipouliza bei ya kufuli lile, alisema haliuzwi. Mimi aliniambia siku moja, bila hasira, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Mimi sitanunua tena kitu inashika moto."

Ndiyo sababu aliingia katika mambo ya hisa. Alikuwa na binamu aliyefanya kazi kwa wakala mmoja wa hisa Nairobi, na serikali ilikuwa imeanza kuruhusu watu kupeleka pesa nje bila kuomba kibali kama zamani. Binamu alimletea kitabu kidogo chenye karatasi za kung'aa kilichoeleza aina mpya ya mfuko: badala ya kununua hisa za kampuni moja, unanunua kipande cha mfuko wenye hisa za makampuni mengi ya nchi nyingi, na kipande chenyewe kinauzwa na kununuliwa sokoni Amerika siku yoyote kama hisa ya kawaida. Nilikisoma chote, nikamtafsiria penye Kiingereza kigumu. Njoroge akakigeuza kuwa lugha ya majani chai, maana huko kwetu kitu kisichosemeka kwa majani chai hakieleweki. "Hisa ya kampuni moja ni kichaka moja," aliwaambia wakulima waliokuja kuchukua mbolea. "Mvua ya mawe ikigonga hiyo kichaka, umelala njaa. Hii ni kikapu. Jani moja ya Japani, moja ya Ujerumani, moja ya Uingereza. Mvua ya mawe haiwezi kunyesha dunia yote siku moja." Wakulima walicheka, wakabeba mbolea yao wakaenda. Mama Wairimu alisikika kutoka jikoni, "Fimbo ya mbali haiui nyoka." Njoroge akamjibu kwamba nyoka wake yeye anapenda fimbo za karibu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Kogo Tabutany alikuwa ametoka Boito kuja kununua dawa ya ng'ombe, akasimama pale kaunta na bakora yake, akasikiliza mpaka mwisho. Kogo ni nyanya, na sote tulimwita hivyo, ingawa kwa mambo mazito alikuwa kitu kingine. Alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume, na kwa desturi yetu sisi Wakipsigis mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Alitoa ng'ombe, akamwoa Chelangat, na watoto ambao Chelangat alizaa, Chebet na mdogo wake Kiprono, wakawa wa nyumba ya Kogo, wa jina lake na wa shamba lake la chai. Katika harusi hiyo Kogo ndiye aliyekuwa bwana, na tangu siku ile katika mambo ya ng'ombe, mipaka na urithi, wazee walimhesabu mwanaume. Aliyekataa kumhesabu hivyo alikuwa Joel, mtoto wa shemeji yake, aliyeishi ng'ambo ya kijito na kuliangalia shamba lile kila alipopiga mswaki.

"Hiyo kampuni ya Japani," Kogo alimwuliza Njoroge, "mwenyewe iko na watoto ya ndugu?"

"Wako mbali sana, Kogo. Hawakujui."

"Basi hiyo ni mzuri."

Nilimcheka, lakini baada ya wiki mbili sikucheka tena. Joel aliingia dukani na mwenzake kuulizia seng'enge. Mimi nilikuwa nyuma ya mashine yangu, nimeinamisha kichwa, na watu humsahau mpiga taipu kama wanavyosahau saa ya ukutani. Aliulizia mistari mitatu ya kuzungusha ekari mbili na nusu. Mwenzake akamwambia, "Lakini wewe huna ekari mbili na nusu." Joel akasema polepole, "Mama mzee akilala tu. Siku hiyo hiyo. Yule msichana ataenda kwao na watoto yake." Hakununua siku hiyo. Alitaka tu kujua bei.

Nilimpelekea Kogo habari mwenyewe, Jumapili baada ya kanisa. Nakumbuka nyumba yake kuliko ninavyokumbuka nyumba yoyote niliyowahi kuishi. Vibuyu vya maziwa vilining'inia ukutani vimeng'aa kwa moshi, na mlangoni waliingia vifaranga kana kwamba wana kesi ya kusikilizwa. Chelangat alikuwa rika langu. Alisonga kimyet, ugali wetu wa wimbi, akatuwekea na isagek, mboga chungu za majani, iliyochemshwa kwa maziwa, kisha akatikisa kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akamimina kikombe changu mpaka kikafurika, kwa sababu mgeni hakaribishwi kwa kikombe nusu. Kogo alisikiliza habari ya seng'enge akiendelea kutafuna. Alipomaliza akasema, "Najua. Shamba yeye atachukua. Mimi nataka kitu yeye hawezi kuzungusha na waya." Chelangat aliangalia chini. Hakuulizwa neno. Sasa nikiwa mzee jambo hilo linaniudhi: kwamba mwaka mzima tulihangaika kumwokoa mtu ambaye hatukuwahi kumwuliza lolote.

Kogo aliuza ng'ombe watatu, akaongeza bonasi ya chai, akaja Litein pesa zikiwa zimefungwa kwenye kona ya leso. Njoroge alikuwa amekwenda kupiga simu posta, kwa hiyo fomu tulijaza sisi wawili, mimi nikigonga mashine na yeye amekaa kwenye gunia amenyoosha mgongo kama bwana harusi. Jina, sanduku la posta, kazi. Tulipofika kwenye jinsia nilipita tu, nikataka kuweka alama pa mwanamke. Akaniuliza nimeandika nini. Nilipomwambia, akagonga sakafu kwa bakora.

"Andika mwanaume."

Nilicheka. Hakucheka.

"Unacheka nini? Ng'ombe ya mahari ilitoka kwa boma ya nani? Ukiandika mwanamke, Joel atasema mwanamke hana bibi, hana mtoto, hana kitu. Karatasi ya mali ni karatasi ya mwanaume. Andika."

Ningeweza kumweleza kwamba watu wa karatasi ile hawajui ng'ombe wa mahari ni nini. Nilisoma vya kutosha kulijua hilo. Lakini nilimwangalia mama yule mwembamba, aliyepigana na wanaume maisha yake yote ili ahesabiwe, nikaona aibu kuwa mimi, msichana wa juzi, ndiye nimrudishe kuwa mwanamke. Niliandika mwanaume. Mbele ya jina lake nikaweka Bwana. Pa mrithi nikaandika Chelangat, na pa uhusiano nikaandika mke. Nilifanya hivyo kwa fahari, nisifiche. Nilihisi nimetenda haki. Njoroge aliporudi aliisoma, akakuna kidevu, akasema, "Bwana na bibi. Hiyo hawatauliza maswali." Siku zile kitambulisho hakikudaiwa. Barua ya wakala na alama ya kidole gumba zilitosha. Na kweli, hawakuuliza swali hata moja. Hati ilikuja baada ya miezi miwili ikiwa na jina lake lote na neno Bwana, na Kogo akaipeleka Boito ndani ya biblia.

Mwaka ule haukuwa mzuri kwa kikapu chetu. Katikati yake nchi za mashariki zilianza kuyumba, hisa zao zikaporomoka, na karatasi iliyofuata ilionyesha kwamba ng'ombe watatu wamekuwa kama wawili na miguu. Niliogopa kumwambia. Alinisikiliza, akauliza, "Mvua ya mawe iko Japani?" Nikasema ndiyo, na majirani zake. "Ujerumani?" Nikasema huko bado kuko sawa. "Basi wacha kichaka ichipuke. Mtu hang'oi chai kwa sababu ya mawe." Baadaye nimefanya kazi katika ofisi zenye mazulia, nimewasikia wanaume wenye tai wakieleza jambo hilo hilo kwa saa mbili, na hakuna hata mmoja aliyelisema vizuri kama yeye. Aliuelewa mfuko ule kutuzidi sote. Kitu ambacho hakukielewa kilikuwa kisanduku kimoja cha alama, na hicho kilikuwa kazi yangu.

Alikufa Desemba, kwa kifua, baada ya siku nne tu za kikohozi. Chelangat alinisimulia kwamba asubuhi ya mwisho aliomba biblia, wakadhani anataka kusomewa, kumbe alitaka kuigusa hati. Joel alisema kweli yake: siku hiyo hiyo. Tulipokuwa tunatia udongo, nguzo za kwanza zilikuwa zimekwisha kusimama upande wa kijito, na kufikia jioni waya ulikuwa umepita mbele ya mlango wa jikoni. Sijui waya huo aliununua wapi. Najua tu kwamba Njoroge alikataa kumwuzia. Chelangat alitoka Boito na watoto wawili, kibuyu kimoja, na ile biblia.

Nilimwambia asilie sana. Nilisema hivyo kweli, na maneno hayo huwa nayasikia hadi leo. Nilimwambia hati iko, jina lake liko pa mrithi, tunahitaji tu cheti cha kifo. Nilikipata cheti mwenyewe, nikakipeleka kwa wakala pamoja na barua niliyoipiga mara tatu ili isiwe na kosa. Jibu lilikuja mwishoni mwa Januari. Barua ilikuwa ya adabu. Mwenye hisa katika kumbukumbu zao ni mwanaume. Cheti tulichopeleka ni cha kifo cha mwanamke. Walitupa pole kwa msiba huo wa mwanamke, na wakaomba cheti cha kifo cha mumewe Chelangat.

Njoroge na mimi tulipanda hadi Kericho kwa mwanasheria, ofisi iliyokuwa juu ya bucha, na harufu ya nyama mbichi ilipanda ngazi pamoja nasi. Alikuwa kijana mpole. Alitusikiliza, akachora mistari miwili kwenye karatasi. "Mkisema marehemu ni mwanamke," alisema, "hisa ni zake, sawa. Lakini Joel ameshafungua shauri la urithi hapa, ameandika mjane huyo hakuacha mtoto. Atasema mwanamke hana mke, na hizo hisa atazichukua pia. Saa hii hata hajui ziko. Mkisema ni mwanaume, cheti cha kifo kinawakana." Nikamwuliza kama mahakama haiwezi kuitambua ndoa ya desturi. Alisema wapo majaji wanaoitambua, lakini itachukua miaka, na akataja gharama. Njoroge aliangalia dirishani. Kisha mwanasheria akauliza, bila ubaya wowote, "Lakini hii fomu ilijazwa na nani?"

Njoroge aliniangalia, akanihurumia, akasema, "Ilijazwa dukani kwangu." Wiki tatu baadaye yeye mwenyewe alifunga duka. Vikaratasi vya kumtaka aondoke vilikuwa vimeanza kupitishwa chini ya mlango, na Mama Wairimu hakutaka kusubiri moto wa pili. Walipakia mabati na magunia kwenye lori kwenda Nakuru. Kufuli lile alilitoa kwenye msumari mwisho kabisa, akalitia mfukoni. Hisa zake yeye zilikuwa salama. Alikuwa amejaza fomu yake mwenyewe.

Siku mbili kabla ya lori, Chelangat alikuja kuuliza jibu. Alikalia gunia lile lile la Kogo, Kiprono yuko mgongoni, Chebet anachezea vizibo vya chupa. Nilikuwa nimeipanga hotuba yote: kisanduku, Bwana, mwanasheria. Nikafungua mdomo nikasikia unasema, "Kampuni imeanguka."

"Yote?"

"Yote. Huko mashariki kulianguka."

Alimkaza Kiprono mgongoni. Kisha akasema, "Pole, Cheptoo. Na vile ulisumbuka na barua." Akafungua kikapu chake, akatoa chupa ya maziwa aliyokuwa ameniletea, akaiweka kando ya mashine. Alikuwa anaishi kwa kuchuma chai ya watu, na maziwa yale aliyanunua. Nilijiambia nimedanganya kwa ajili yake, asije akaropoka mahali Joel akasikia. Si kweli. Nilidanganya kwa ajili yangu. Niliyanywa maziwa yale pia, kwa maana kuyaacha kungehitaji maelezo.

Alihamia Chepseon kwa kaka yake, akauza nyanya na sukuma pale sokoni mpaka mgongo ukapinda. Kiprono aliacha shule darasa la sita. Chebet akawa fundi cherehani. Nilikuwa nawatembelea, napeleka sukari na unga, na kila mara Chelangat aliwaambia majirani, "Huyu ndiye alihangaika na mali ya Kogo mpaka kampuni ya wazungu ikafa." Nilipata nafasi nyingine ya kusema. Miaka kadhaa baadaye barua ilitumwa kwenye sanduku langu la posta, nililokuwa nimeliweka kwenye fomu kwa kuwa Kogo hakuwa nalo. Ilisema akaunti imelala muda mrefu, na mwenyewe asipojitokeza itapelekwa kwa serikali ya huko kama mali isiyo na mwenyewe. Walitoa miezi kadhaa. Sikujua kama kuna lolote lingewezekana, na sikuuliza, kwa sababu swali la kwanza lingekuwa la Chelangat: kampuni iliyokufa inaandikaje barua? Niliitia kwenye droo. Nilikuwa nikiifungua droo hiyo kutafuta pini.

Ijumaa nilikwenda Chepseon na wasifu niliouandika. Tulikaa jikoni, Chebet akimenya viazi vya mazishi, mimi nikimsomea. Nilipofika paliposema marehemu alikuwa mke wa nyumba ya Tabutany wa Boito, kisu kilisimama. "Shangazi, hapo toa. Pasta amesema hiyo italeta maswali. Andika tu alilea watoto peke yake." Nikachukua kalamu nikapafuta. Mara ya kwanza niliandika ukweli wa kwetu nikamwangamiza. Mara hii nilifuta ukweli huo huo, na kila mtu aliridhika. Nilitaka kumwambia pale pale. Nilikuwa nimevuta pumzi tayari, Chebet akasema, macho yake kwenye viazi, "Mama alikuwa anasema watu wote walitudanganya, isipokuwa wewe." Nikamwuliza chumvi iko wapi.

Tulimzika Jumamosi katika kipande cha shamba cha kaka yake, karibu na ua. Mtoto wa Chebet, kijana mwenye simu kubwa, alinionyesha tukiwa tunasubiri chakula kwamba siku hizi mtu anaweza kununua hisa za dunia nzima kwa kidole akiwa amesimama foleni. Aliponipa simu niliandika herufi za mfuko ule. Sikuhitaji kuzikumbuka. Huwa naziandika kila wiki, mwaka nenda mwaka rudi. Mstari ulitokea, ukapanda kutoka pembe ya kushoto chini hadi kulia juu, na mteremko wa mwaka wa Kogo ulionekana kama kijishimo ambamo hata kuku hajikwai.

Chebet, najua utasomewa haya, au utayasoma mwenyewe. Kampuni haikufa. Fomu niliijaza mimi. Siku tuliyomzika mama yako bei ilikuwa imepanda.